Tununue mashine ya CNC, au tubaki na tupa na msasa?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Naandika kutoka Tabaka, kaunti ya Kisii. Baba na baba zangu wadogo wawili wanachonga jiwe la sabuni. Mama, shangazi na sisi wasichana ndio tunaosugua msasa, kuosha na kung'arisha. Mwaka huu duka moja la Nairobi lilituagiza seti 40 za chesi, likarudisha 17. Walisema vitunda, wale askari wadogo wa mbele, havilingani, na katika seti moja malkia alikuwa mrefu kuliko mfalme. Mimi nilisomea usanifu wa kompyuta, na nimeona kwenye video mashine ndogo ya CNC, yaani ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ile ya 3018, ikichonga yenyewe. Chama cha akina mama kina shilingi 160,000. Je, tuinunue? Baba mdogo anasema mashine itaua mkono wa Tabaka. Na tukiitumia, bado tutaandika kwamba kazi ni ya mkono?

Jibu: Marahaba, dada. Msiinunue. Nitakueleza kwa nini, kisha nikuonyeshe mahali ambapo elimu yako ya kompyuta inaweza kuwaokoa kwa pesa kidogo. Kazi ya kidijitali ipo hapo kwenu, tena nyingi, ila haipo kwenye kuchonga.

Tuanze na mashine yenyewe. Jina 3018 ni vipimo vyake: inafikia sentimita 30 kwa 18, na kikataji chake hupanda na kushuka kama sentimita 4.5 tu. Mfalme wa chesi wa kimo cha kawaida ana sentimita 9.5, kwa hiyo hasimami ndani yake. Itabidi umlaze, uchonge upande mmoja, umgeuze, umfunge tena katikati ileile bila kupotea hata nusu milimita, ndipo uchonge upande wa pili. Hapo pa kugeuza ndipo wengi huharibu, na kosa lake huonekana kama mshono unaopita ubavuni kutoka taji hadi kitako. Isitoshe, kikataji cha mashine hizi hushuka kutoka juu tu. Hakiwezi kuingia chini ya kidevu cha farasi, mahali ambapo baba yako anaingiza ncha ya kisu bila hata kufikiri.

Sasa piga hesabu ya muda. Mfalme akilala ana urefu wa milimita 95 na upana wa kama 40. Ili uso utoke laini, tuseme kikataji kipite kila baada ya nusu milimita: hayo ni mapito 80, kila moja milimita 95, jumla mita 7.6. Kwa mwendo wa milimita 500 kwa dakika ni dakika 15 na ushee, tena kwa upande mmoja, na hujahesabu kuondoa jiwe la ziada, wala kugeuza, wala kufunga upya. Kitunda ni kidogo na kitachukua muda mfupi zaidi. Hata nikikadiria kwa huruma nusu saa kwa kila kipande, seti 40 zina vipande 1,280. Hizo ni saa 640. Kwa saa nane kwa siku ni siku 80, stima isipokatika. Muulize mzee anachonga vitunda vingapi kwa nusu saa.

Vumbi nalo usilisahau. Ninyi mnalifanyia kazi jiwe likiwa na maji, na mna sababu nzuri. Mashine ndogo kama hii haitaki maji karibu na mota wala saketi zake, kwa hiyo utaichongea jiwe kavu, na unga ule utaingia kwenye skrubu na reli zinazoisogeza, uzitafune, na baada ya muda mashine uliyoinunua kwa ajili ya usahihi itakuwa inacheza. Na unga huohuo mtauvuta ninyi.

La mwisho kuhusu mashine hiyo: jiwe lina mishipa na nyufa. Fundi hugonga kipande na kusikiliza. Kizima hulia, kilichopasuka ndani hutoa sauti iliyokufa. Akiwa katikati ya kazi akahisi ufa, hubadilisha pembe, au humgeuza mfalme kuwa ngome. Mashine haisikii. Itaendelea kufuata faili hadi kipande kitoke mikononi mwa banio kikiwa viwili.

Basi tatizo lenu liko wapi? Kutokana na ulivyoandika, nadhani liko katikati, baina ya wachongaji na wasuguaji. Wanaume wanachonga kwa kufuata mfano mmoja uliowekwa mezani na kwa jicho. Kisha vipande vinagawanywa kwa akina mama, kila mmoja na mkono wake na msasa wake, na mmoja anakula jiwe zaidi ya mwenzake. Hakuna anayepima pale kipande kinapobadilisha mikono. Malkia aliyempita mfalme huenda aliondoka kwa mzee akiwa mrefu wa kawaida, na mfalme wake akasuguliwa kitako mara mbili kwa sababu hakusimama vizuri. Kabla ya kununua chochote, pata vernia, ile rula ya chuma yenye taya inayosoma sehemu za milimita. Chukua vitunda kumi vilivyotoka kwa baba, vipe namba kwa kalamu chini ya kitako, upime kimo na kitako cha kila kimoja. Vigawe kama kawaida. Vikirudi vimeng'arishwa, vipime tena. Utaona kwa macho yako mchongaji anatofautiana kiasi gani, na msasa unakula kiasi gani. Jedwali hilo la mistari kumi litakufaa kuliko video zote ulizotazama, na ndilo utakalomwonyesha baba mdogo, maana haliwezi kubishaniwa.

Vipimo vya kulenga vipo tayari, huna haja ya kubuni. Shirikisho la chesi duniani, FIDE, linapendekeza mfalme sentimita 9.5, malkia 8.5, askofu 7, farasi 6, ngome 5.5 na kitunda 5. Linaruhusu tofauti ya hadi asilimia 10, mradi utaratibu wa nani mrefu kuliko nani usivunjwe. Kitako cha kipande kiwe kati ya asilimia 40 na 50 ya kimo chake, na vitunda vinne vitoshe ndani ya mraba mmoja wa ubao. Kama duka halikuwapa vipimo vyao, na kwa kawaida maduka hayatoi, waandikieni ninyi: tutafuata hivi, na nafasi inayoruhusiwa ni hii. Mkikubaliana kwa maandishi, siku nyingine hakuna atakayerudisha mzigo kwa neno "havilingani" pekee.

Usiweke ukali uleule kila mahali, lakini. Vitunda vinane husimama mstari mmoja, bega kwa bega, na jicho la mnunuzi linavilinganisha hata asipotaka. Hapo nusu milimita juu na nusu chini inatosha, zaidi ya hapo itaonekana. Mfalme yuko peke yake na anampita malkia kwa sentimita nzima. Mpe milimita moja kila upande na hakuna mtu atakayejua. Nimeona mafundi wazuri wakijitesa kwa usahihi mahali ambapo hakuna anayetazama, halafu vitunda vyao vikawa kama meno ya mtoto wa miaka saba.

Sasa tunafika kwenye kazi yako, na hapa nitakaa kidogo. Unahitaji vigezo: vibamba vilivyokatwa kwa umbo na kipimo kamili, ambavyo mchongaji na msuguaji wanavishika mkononi bila kusoma namba yoyote. Zamani fundi wa chuma angekukatia kwa tupa, siku nzima kwa kibamba kimoja. Siku hizi mashine ya leza inakata seti nzima kwa dakika chache, kutoka kwenye mchoro wako.

Mchoro utoke kwa mzee, usiupakue mtandaoni. Chagua mfalme wake bora kuliko wote, yule ambaye mwenyewe angekataa kumuuza. Msimamishe mbele ya ukuta mweupe, weka rula imesimama pembeni yake, sawa na katikati ya mwili wake, isiwe mbele wala nyuma. Rudi nyuma mita tatu au nne na uvute kwa zumu ya simu. Ukipiga picha kwa karibu, kichwa na kitako vitapotoka na mchoro wote utakuwa wa uongo. Ingiza picha kwenye Inkscape, programu ya bure ambayo najua utaielewa haraka kwa masomo uliyosoma. Fuata ukingo wa upande mmoja tu, kutoka taji hadi chini, kisha uugeuze kama kwenye kioo. Mkono wa mzee una upande mmoja mnene kidogo kuliko mwingine, kila mchongaji anao. Kigezo hakitaki huo unene, ingawa kipande kilichokamilika kinaweza kubaki nao kidogo na kikapendeza. Weka kimo kuwa milimita 95 kamili, halafu linganisha na vernia mahali patatu: shingo, kiuno, kitako.

Kutokana na mchoro huo unatengeneza vibamba vya aina mbili kwa kila kipande. Cha kwanza ni cha umbo: nusu ya ukingo wa mfalme ikiwa imetobolewa, ili ukikiegemeza ubavuni mwa jiwe na kutazama kuelekea dirishani, mwanga upenyao unakuonyesha palipozidi na palipopungua. Cha pili ni lango. Simamisha kitunda juu ya kioo kilicholala sawasawa na upitishe juu yake lango la milimita 50.5, lazima kipite. Pitisha la milimita 49.5, lazima kigome. Kikipita yote mawili ni kifupi, kikigoma yote mawili ni kirefu. Shangazi ambaye hakusoma atakikagua kwa sekunde mbili.

Na kwa sababu msasa unakula jiwe, unahitaji seti mbili za vigezo. Ya wachongaji iwe kubwa kidogo, kwa kile kiasi ulichokipata kwenye jedwali lako la vitunda kumi. Ya wasuguaji iwe ya kipimo cha mwisho. Zikate kwa plastiki ya rangi tofauti, nyekundu kwa wachongaji na kijani kwa wasuguaji, zisichanganyike.

Nimesema plastiki kwa makusudi. Mwenye leza atakushauri plaiwudi kwa sababu ni rahisi. Kwenu kazi ni ya maji kuanzia asubuhi hadi jioni, na plaiwudi itavimba wiki ya kwanza. Chukua akriliki ya milimita 3. Akikuletea vibamba vya PVC, kataa, na hata yeye anapaswa kukataa: PVC ikichomwa kwa leza hutoa gesi yenye klorini inayoumiza mapafu na kuozesha mashine. Jambo jingine, mwali wa leza una unene wake, hula kama sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Mwambie akate kwanza mraba wa milimita 20, uupime kwa vernia, urekebishe mchoro wako kabla ya kukata vyote.

Leza utaipata wapi? Usitafute mbali. Watu wanaotengeneza mabango, vikombe vya zawadi na majina ya milangoni katika miji ya Kisii, Kisumu na Nakuru wengi wanazo, na hutoza kwa kazi au kwa dakika. Peleka faili iliyokamilika, ukimwachia akuchoree utalipa mara mbili na hatapatia. Hapa Kisumu kuna FabLab Winam, karakana ya jamii ya mtindo ulioanzia chuo cha MIT, Marekani, ambako watu hujifunza kutumia mashine kama hizi wenyewe. Piga simu kwanza kabla ya kupanda matatu ya Oyugis na Ahero, uulize ni mashine gani inafanya kazi wiki hiyo. Vyuo vya ufundi vya karibu navyo ni vya kuuliza. Mara nyingi mashine iko, na mwalimu anatamani mtu alete kazi halisi.

Hadi hapo, shilingi 160,000 zenu karibu hazijaguswa. Ndiyo maana nataka ufikirie mashine ya aina nyingine. Hesabu vipande vya seti: vitunda 16, ngome 4, maaskofu 4, wafalme 2, malkia 2. Hao 28 wote kimsingi ni wa mviringo. Farasi peke yao, wanne, ndio wasio wa mviringo. Kitu cha mviringo dawa yake ni kukereza, yaani kukizungusha huku patasi ikikichonga, ufundi uliojulikana Uswahilini muda mrefu kabla hatujasikia neno kompyuta. Mashine ya kukereza mbao, ndogo, inazungusha jiwe laini kama lenu bila taabu, na ukiweka kile kigezo chako cha umbo kando yake kama mwongozo, kitunda cha kwanza na cha mia vitakuwa ndugu wa baba mmoja. Mafundi wa jua kali wa Kibuye, hapa Kisumu, watakuundia ya kuanzia kwa mota ya kawaida, au mtafute iliyotumika kwenye karakana ya seremala.

Tahadhari zake zipo. Jiwe halipendi kubanwa kwa ncha mbili na kusukumwa, hupasuka. Gundisha kitako chake kwenye kipande cha mbao kilichofungwa kwenye bamba la mashine, ukate ukimaliza. Anza mwendo wa polepole. Vaa kinga ya uso mzima, kwa sababu kipande chenye ufa uliojificha kikiachia hakitakuuliza. Jiwe libaki na unyevu, mota ikae nyuma ya kizuizi, na fundi wa stima aweke waya wa ardhini na swichi inayojikata. Kuna wanaonoa tupa kuukuu kuwa patasi za kukerezea. Msifanye hivyo: chuma cha tupa ni kigumu lakini huvunjika ghafla, na kikivunjika mbele ya kitu kinachozunguka kinaruka.

Vumbi tena, kwa sababu chombo chochote cha umeme hutoa unga mwembamba kuliko wa mkono, na mwembamba ndio unaofika chini kabisa ya mapafu. Leso haizuii, na zile barakoa za hospitali hazizuii vya kutosha. Tafuteni za N95, fanyeni kazi mahali palipo wazi, osheni sakafu kwa maji badala ya kufagia, na watoto wasicheze pale.

Farasi wabaki kwa baba. Hilo nalisema bila shaka yoyote. Farasi ndiye uso wa seti. Mnunuzi huanza kumshika yeye. Kigezo chake kiwe cha kimo na kitako tu, shingo na kichwa mwachieni mzee afanye atakavyo.

Ila farasi ndiye wa kuskani. Umpige picha 60 au zaidi ukimzunguka, juu, katikati na chini, siku ya mawingu, kabla hajang'arishwa, kwa sababu mng'ao huichanganya programu. Programu za simu na za kompyuta zitaunganisha picha hizo kuwa umbo la pande tatu. Blender, nayo ya bure, italisafisha. Faida yake ni hii: mteja wa mbali akitaka kuona mfano, unamchapishia kwa printa ya 3D, plastiki nyepesi yenye uwazi ndani, na unamtumia hiyo kabla hamjagusa jiwe. Akisema shingo iwe fupi, umepoteza plastiki kidogo. Plastiki inayotumika sana, PLA, hulegea kwenye joto la nyuzi kama 60, kwa hiyo usiiache kwenye dashibodi ya gari juani. Zaidi ya mifano, sioni haja ya printa kwenu. Nimewahi kuulizwa kama unaweza kuchapisha sanamu na kuipaka unga wa jiwe. Unaweza. Utakuwa umeuza plastiki iliyopakwa unga.

Leza yenyewe juu ya jiwe? Haitalikata, lakini kwa zile kazi mnazopaka rangi nyeusi kisha mnakwangua nakshi hadi weupe utokee, mwali unaweza kukwangua hiyo rangi kwa usafi mkubwa. Jaribuni kwenye kipande kibovu, moshi uvutwe nje. Ningeitumia kwa maandishi tu, jina la hoteli au la kampuni chini ya kitako, herufi ndogo zinazowatesa akina mama. Nakshi za pembeni waachieni wao. Mkono wa kila mmoja unajulikana, na kuna wanunuzi wanaorudi kwa ajili hiyo.

Sasa kuhusu faili, na hili ni zito kuliko mashine. Siku utakapomaliza kuskani farasi wa baba yako, miaka yake yote ya kazi itakuwa ndani ya kitu kinachotumwa kwa WhatsApp kwa sekunde tatu. Mteja akikuomba "tuma file tuone," mtumie picha au video inayozunguka, usitume faili lenyewe. Mwenye CNC kubwa popote duniani akilipata hatawahitaji tena. Kabla ya kuskani, kaeni kikao cha familia, mkubaliane faili ni la nani: la mzee, la ukoo, au la chama? Liandikwe. Umbo jipya kabisa mtakalobuni linaweza kusajiliwa KIPI, taasisi ya Kenya ya miliki ya viwanda, kama muundo wa bidhaa, miaka mitano ya kwanza, kisha huongezwa mara mbili hadi kufikia 15. Lakini linatakiwa liwe jipya, kwa hiyo usilianike mitandaoni kabla hujawauliza. Mambo ya jadi, yale ambayo ni ya Wagusii wote, yana sheria yake ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Hayo hakuna mtu mmoja wa kuyasajili kama yake, hata awe fundi hodari namna gani.

Baba mdogo nisimpuuze, kwa kuwa hofu yake ina msingi, ila nadhani ameielekeza pabaya. Nyatiti, ala ya muziki ya Wajaluo, ina nyuzi nane zile zile, lakini mishipa ya ng'ombe ilishaachia nafasi nailoni ya kuvulia samaki, na wapigaji hawakupungua kwa sababu hiyo. Wanaobadilisha chombo wenyewe, kwa wakati wao, huwa hawaui kitu. Mabadiliko yatakayouma kwenu ni ya nani anafanya nini. Mkianza kukereza, vitunda vitasuguliwa vikiwa vingali vinazunguka, na kazi ya msasa ya vipande 28 itapungua sana. Mama aliyekuwa analipwa kwa kila kipande atauliza mapato yake yamekwenda wapi. Kwa upande mwingine, uchongaji wa vipande vya mviringo utatoka kwenye kisu cha wanaume na kwenda kwenye mashine, na mashine imenunuliwa kwa pesa ya akina mama. Kwa maoni yangu aliyetoa pesa ndiye aendeshe. Wafundisheni wawili au watatu wa chama kukereza, walipwe kwa seti nzima badala ya kipande, na wanaume wabaki na kuchimba, kuchagua jiwe, kukata miche, kuchonga farasi na zile sanamu kubwa ambazo hakuna mashine ya kijijini itakayozigusa. Hilo halitapita bila maneno. Lisemeni kabla mashine haijafika, maana ikishafika kila mtu atakuwa na msimamo.

Hatua ziende kwa utaratibu huu: kwanza vernia na jedwali, wiki hii. Halafu vigezo vya kitunda peke yake, mvijaribu kwenye seti zile 17 zilizorudi. Nyingi nadhani zinaweza kupangwa upya, vitunda virefu seti hii, vifupi seti ile, mkapata kumi au zaidi za kuuza bila kuchonga hata kipande kimoja. Vikifanya kazi, ongeza vigezo vilivyobaki. Mashine ya kukereza ije baada ya oda ya pili, ili oda ndiyo iilipie.

Na kuhusu maandishi ya kwenye boksi: msiandike "kazi ya mkono tupu" mkiwa mnakereza kwa mota. Andikeni kilivyo: jiwe la Tabaka, limekerezwa na kumaliziwa kwa mkono, farasi amechongwa na, kisha jina la mzee, kama ameridhia. Duka likitaka maneno makubwa kuliko hayo, libandike lenyewe karatasi yake.